Mzazi Huona Kiza

Jumatano, 2 Aprili

Idd imepita, mvua imefika, na macho mekundu yamekuja nayo. Leo nimeona watu mpaka mgongo ukanikatalia. Nusu yao waliingiwa na moshi wa kuni wakipika biriani ya sikukuu, na nusu wametiana maziwa ya mama machoni, dawa waliyotuachia nyanya zetu ili mimi nisikose kazi. Nawaambia msitie kitu ndani ya jicho. Wananijibu, "Ewallah, daktari," na wiki ijayo wanarudi wametia asali.

Mimi si daktari. Ni afisa wa kliniki niliyesomea macho, lakini huku Msambweni kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata Elijah, na kazi ya Elijah ni kupima miwani. Paa linavuja pale pale juu ya ubao wa herufi. Elijah ametega ndoo chini yake. "Madam, hii maji itatumaliza," akasema. Mtu wa Machakos huyu. Mvua ya kwao ni ya kuombea dua, ya kwetu ni ya kukimbiwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Watu wachache. Elijah ameuza miwani mbili na sasa anatembea kifua mbele.

Jumanne, 8 Aprili

Nina hasira na nina furaha. Sijui nianze na ipi.

Asubuhi aliingia mama mmoja mtu mzima, Bi Twaiba wa Mkwajuni, ng'ambo ya mto Ramisi, amemshika mkono mke wa mwanawe. Binti amefunikwa leso mbili na buibui juu, kitoto mgongoni mwa mkwewe. Jina la binti ni Mapenzi. Kabla sijauliza lolote, Bi Twaiba alinieleza kwamba mwari wake hajatoka arobaini, kwamba amemtoa ndani kwa shingo upande, na kwamba wakirudi na homa ya upepo basi lawama ni za mwanawe Amin, ambaye yuko kazini hotelini Chale na anaamuru watu kwa simu. Nikamwamkia shikamoo, akapoa kidogo.

Mapenzi anaumwa na kichwa tangu wiki ya kwanza ya uzazi. Kinauma zaidi alfajiri, na anatapika. Zahanati walimpa vidonge vya kuongeza damu kwa sababu alisema anaona kiza. Na hapo ndipo penye shida. Kiza huku kwetu ni neno la kila kitu. Mwenye njaa anaona kiza, mwenye hasira anaona kiza, aliyefunga saumu anaona kiza alasiri. Daktari gani atashtuka akiambiwa kiza?

"Mzazi huona kiza," Bi Twaiba akasema. "Mimi nimezaa tisa, nimeona kiza mara tisa."

Elijah alimpima kwenye ubao, jicho la kulia, jicho la kushoto. Alisoma mpaka mstari wa chini kabisa, ule ambao mimi mwenyewe siku hizi naukisia. "Huyu macho yake ni fiti, madam," Elijah akasema. "Ni stress ya mtoto tu. Nimpatie miwani ya kupumzisha?"

Ningeweza kumwacha aende. Kulikuwa na watu wamejaa barazani. Lakini nikamwuliza binti, "Hebu niambie, kiza hicho kikoje? Kinakuja lini?"

Akafikiri. Ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema, nilimpenda kwa hilo. "Nikiinama kumchukua mtoto, daktari. Kinashuka macho yote mawili kwa pamoja, halafu nikivuta pumzi mara moja mbili kinaondoka. Na masikioni nasikia mtu anatwanga."

"Anatwanga?"

"Ndiyo. Anafuata moyo wangu."

Nikampima presha, ikawa sawa. Nikamulika mboni, zikajifunga vizuri zote mbili. Nikafunga dirisha, nikachukua tochi ya kutazamia ndani ya jicho. Nyuma kabisa ya jicho, pale ambapo uzi wa kuonea unatoka kwenda kwenye ubongo, panatakiwa paonekane duara lenye ukingo safi. Duara la Mapenzi halikuwa na ukingo. Limefura kama andazi lililoumuka, na kandokando pana vijidamu. Jicho la pili vile vile. Maana yake ndani ya fuvu pana msukumo uliozidi, unalikandamiza jicho kwa nyuma. Mtu wa namna hii husoma ubao wote leo na mwezi ujao akawa haoni mkono wake.

Nilimpigia Daktari Swabir, mtaalamu wetu wa macho aliyeko Mombasa, nao wamekaa hapo hapo. "Mlete, Mwanatumu," akasema. "Mama aliyejifungua juzi, kichwa, na macho yamevimba nyuma, huenda damu imeganda kichwani. Anahitaji picha ya kichwa. Leo, siyo kesho."

Sasa ikabidi niwaeleze. Vitabuni tunaandika neva, lakini ukimwambia mama wa Mkwajuni neva atadhani ni jina la mtu. Nikatafuta neno la watu. Nikasema, "Mama, mshipa wa jicho umevimba kwa nyuma. Ukiachwa hivi Mapenzi atapofuka. Unatakiwa utibiwe haraka, msingoje arobaini. Shikeni barua hii ya Mombasa."

Bi Twaiba akashika kifua. "Mshipa! Ala! Kumbe ni mshipa tu?"

"Ndiyo, mama. Ila ni wa haraka."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie. Umetutoa wasiwasi. Tutaushughulikia leo leo."

Barua akaitia kifuani. Nikampa binti vidonge vya kupunguza maji vilivyobaki kabatini. Waliondoka wananiombea dua. Hasira yangu ni kwa zahanati na vidonge vyao vya damu. Furaha yangu ni kwamba nimezungumza na watu wangu kwa lugha yao na wameelewa. Elijah nimemchamba mpaka akanywea. "Macho fiti, eti!" nikamwambia. Jioni akaniomba nimwoneshe hilo duara kwenye kitabu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimempigia Amin. Kelele za jikoni nyuma yake. "Usiwe na wasiwasi, daktari. Mama ameshalivalia njuga." Alhamdulillahi.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua mchana kutwa. Ndoo imejaa mara tatu.

Jumatatu, 21 Aprili

Mzee Matano, muuza madafu wa barabarani Ukunda, ameletwa jicho limelala. Kope la kushoto limeanguka kabisa, na akiliinua kwa kidole anaona watu wawili wawili. Familia yote wanalia, wanasema amepigwa kofi na shetani. Nikatazama mboni. Ingekuwa imepanuka ningemtia garini saa hiyo hiyo, maana huenda mshipa wa damu umetuna kichwani unataka kupasuka. Mboni yake ilikuwa sawa na mwenzake. Sukari yake ndiyo ilikuwa haisemeki. Amekwenda kulazwa kwa sukari, na jicho litafunguka lenyewe taratibu, inshallah.

"Madam, wewe ni noma," Elijah akasema. Nilijisikia mtu leo. Naandika ili nikumbuke.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemuuliza Daktari Swabir habari za Mapenzi. Hajamwona. Nikampigia Amin.

"Anatibiwa, daktari. Kila siku jioni. Kichwa kimepungua, anasema akitoka kutibiwa analala usingizi."

"Anatibiwa wapi?"

Simu ikawa inakatika. Nikasikia "karibu na nyumbani" na "mkono mzuri". Ikakatika kabisa. Nadhani wamepata hospitali nyingine huko Lunga Lunga na anachomwa sindano. Mkono mzuri ni wa muuguzi, bila shaka. Kila jioni, ndivyo sindano za kuyeyusha damu zinavyochomwa. Nimetulia.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijatulia. Nani anachoma sindano hizo bila picha ya kichwa?

Jumatano, 30 Aprili

Elijah amejitolea mwenyewe kwenda Mkwajuni kwa pikipiki, sikumtuma. Amerudi amelowa chapa chapa, viatu mkononi. Ramisi imepanda juu ya barabara, magari yamesimama pande zote mbili. Simu ya Bi Twaiba haipatikani, ya Amin inaita tu. Elijah alisimama mlangoni anadondoka maji. "Nilifika hadi kwa maji, madam. Nikarudi." Nikampa chai. Mwaka mzima nimemwita mchuuzi wa vioo.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua. Nimemuota yule binti ananiuliza mstari wa chini umeandikwa nini.

Jumanne, 6 Mei

Walikuja leo. Maji ya mto yameshuka, na arobaini ilitoka juzi.

Nilisikia sauti ya Bi Twaiba kabla sijamwona, anawasalimu watu wote barazani kwa furaha. Wamevaa leso mpya. Mapenzi amepakwa hina mikono na miguu, ananukia udi na asmini, mtoto amenyolewa na kufungwa hirizi. Walikuja kama watu wa harusini, na zawadi yangu mkononi, kikapu cha maembe.

"Tumekuja kukushukuru, daktari," Bi Twaiba akasema. "Kichwa kimetulia sana. Limebaki jambo dogo tu, jicho la kushoto linakimbilia puani, na kile kiza siku hizi kinakawia kuondoka."

Nilimtazama Mapenzi. Alikuwa anatabasamu kuelekea kwenye kabati.

"Mapenzi, mimi niko huku," nikasema. Akageuka kufuata sauti. Elijah, aliyekuwa anafuta vioo vyake, akaviweka chini.

Ubao wa herufi hakuuona. Siyo mstari wa chini, ubao wenyewe. Jicho la kulia alihesabu vidole vyangu nilipomkaribia mpaka pumzi zetu zikakutana. La kushoto aliona mkono ukipita, vidole hakuvijua. Nilimulika ndani. Yale maandazi mawili yalikuwa yamefura kupita kiasi na yameanza kufifia rangi.

Niligeuka na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alikuwa anatibiwa nini? Nani alikuwa anamchoma sindano?"

"Sindano gani?" Bi Twaiba akashangaa. "Hajachomwa sindano. Amekandwa."

"Amekandwa?"

"Kila jioni, kwa mafuta ya nyonyo ya moto. Paji la uso, na hapa pembeni ya macho, na kisogoni. Mkandaji wetu ana mkono mzuri, hata huko Shimoni wanamfuata. Barua yako ninayo, sikuitupa. Tulisema Mombasa tutakwenda arobaini ikitoka, lakini mshipa tuuanze siku ile ile, kwa sababu ulituambia ni wa haraka."

"Mama, mimi nilisema Mombasa! Niliwapa barua ya hospitali!"

Bi Twaiba hakupandisha sauti. Alinitazama tu, mtu mzima anayemtazama mtoto wa mwenzake akipayuka mbele za watu. "Mwanangu," akasema, "si wewe uliyesema mshipa?"

"Nilisema mshipa wa jicho."

"Haya. Na wewe ni mtu wa huku. Mshipa hupelekwa wapi?"

Jibu nalijua. Nimezaliwa Kikoneni. Mshipa wa shingo, mshipa wa kiuno, mshipa wa mtoto aliyeteguka akicheza, mshipa wa ngiri, yote hupelekwa kwa mkandaji. Mimi mwenyewe nilikandwa mguu nikiwa msichana, nikapona. Hakuna mtu wa Kwale aliyewahi kuvuka Likoni kwa ajili ya mshipa. Mtu akimpeleka mgonjwa wa mshipa hospitali wakamchoma sindano, watu watasema amemuua. Bi Twaiba alifanya nilivyomwambia. Alifanya haraka, nilivyomwambia. Alimlipa mkandaji, akachemsha mafuta, akashika taa kila jioni. Kama ningesema tu "damu imeganda kichwani, atapofuka au atakufa", angemvusha mto mgongoni.

Na mimi nilikaa hapa nikajisifu kwamba nimeeleweka.

Nililia mbele yao, naandika bila kuona haya. Mapenzi akapapasa mpaka akapata bega langu. "Usilie, daktari," akasema. "Bado naona mwanga."

Elijah alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari la ndugu yake. Tuliondoka adhuhuri, sisi wanne na mtoto. Likoni tulingoja kivuko kwa muda mrefu, mvua inapiga vioo. Bi Twaiba alikuwa anasoma nyiradi kwa sauti ya chini. Mapenzi aliniuliza, "Bahari imechafuka?" Nikamwambia imetulia. Ilikuwa imechafuka.

Jumatano, 7 Mei

Amelazwa. Mashine ya picha imeharibika, fundi anatoka Nairobi. Daktari Swabir ameanzisha sindano bila kungoja picha. Nimerudi kazini. Nimewaona wagonjwa na sikumbuki hata mmoja.

Ijumaa, 9 Mei

Picha imepigwa. Damu imeganda kwenye mfereji mkubwa unaotoa damu kichwani, kama alivyodhani Daktari Swabir siku ile ya kwanza. Wamemtoa maji mgongoni, msukumo umeshuka. "Ataishi," Daktari Swabir akaniambia kwenye simu.

"Na macho?"

"Umekawia, Mwanatumu."

Hakunilaumu. Alisema tu, kama mtu anayesema saa.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Hakuna mabadiliko.

Alhamisi, 15 Mei

Hakuna mabadiliko. Elijah amepanda juu ya paa mwenyewe na kuziba tundu kwa lami. Sasa linavuja juu ya meza yangu.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Mombasa kumwangalia. Amin alikuwepo, nimemwona kwa mara ya kwanza. Kijana mwembamba, bado amevaa sare ya hoteli, ameomba ruhusa ya siku moja. Alinitoa nje kwenye ukumbi.

"Daktari, nikuulize kitu. Siku ile ulijua kwamba atapofuka?"

"Nilijua kwamba anaweza kupofuka. Nilisema."

"Ulimwambia mama yangu. Mimi ulinipigia siku ya tatu, ukaniuliza kama ameshughulikiwa. Nikakwambia ndiyo. Kwa nini hukuniambia, Amin, mkeo anapofuka? Ningeacha sahani zao zote pale mezani. Ningekuja kwa kuogelea."

Nikamwambia sikutaka kumtisha. Ni kweli. Tumefundishwa tusiwatishe watu.

"Mungenitisha," akasema. "Wallahi, mungenitisha."

Ndani, Bi Twaiba alikuwa anamlisha Mapenzi uji kwa kijiko, anampangusa mdomo, anamwelekezea titi kwenye kinywa cha mtoto, anampigisha soga kuhusu wagonjwa wa vitanda vya jirani ili acheke. Yeye mwenyewe halali kitandani, analala sakafuni juu ya mkeka. Nilikuwa nimeandika moyoni mwangu kwamba yule ni mama mkwe wa kuogopwa, sikio la kufa. Hakuna mtu aliyemwuguza Mapenzi kuliko yeye, na hata leo hajaniambia neno moja la kuniumiza. Ningependa aniambie.

Jumanne, 20 Mei

Nimejaribu kutafuta neno jingine. Leo amekuja mwalimu mmoja wa Diani, jicho moja limefifia ghafla na linauma akiligeuza. Nilitaka kumweleza nikakwama mdomo wazi. Uzi wa jicho? Kamba ya jicho? "Sema waya, madam," Elijah akanong'ona. "Waya ya kupeleka picha kwa ubongo." Nikasema waya. Mwalimu akaelewa, akauliza gari la Mombasa linaondoka saa ngapi. Nilimpigia mumewe palepale, na kakake, nikawatisha wote wawili. Ameshafika na ameshalazwa.

Neno lilikuwa jepesi namna hii. Nililala chali nikitazama dari na kulitukana.

Ijumaa, 23 Mei

Mvua. Hakuna mabadiliko.

Jumatano, 28 Mei

Wamemruhusu kurudi nyumbani. Vidonge vya kuyeyusha damu atameza kwa miezi. Daktari Swabir anataka nimtazame mimi huku, kuwapunguzia safari. Niliomba amtazame yeye. "Kwako ni karibu," akasema.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda Mkwajuni bila kuitwa, nikajifanya napita. Mapenzi alikuwa uani anapepeta mchele. Anaupepeta vizuri, mikono inajua. Mawe ndiyo hayaoni, Bi Twaiba anayachambua upya nyuma yake bila kusema. Mtoto amenenepa, jina lake Ramadhani, kwa sababu alizaliwa mwezi mtukufu.

"Anafanana na babake, ama?" Mapenzi akaniuliza. "Siku zile za kwanza alikuwa hajapata sura, na nilikuwa naumwa na kichwa, sikumtazama sana. Nilidhani nitamtazama baadaye."

Nikamwambia pua ni ya babake na paji la uso ni lake yeye. Akajipapasa paji la uso, kisha akampapasa mtoto.

Alinisindikiza mpaka mwisho wa ua kwa kushika kamba ya kuanikia nguo. "Daktari, ukinitazama tena siku ya kliniki, nitakuuliza jambo moja, na unijibu."

"Niulize sasa."

"La. Siku hiyo."

Jumamosi, 7 Juni

Idd ya kuchinja ilikuwa jana. Nyama nimeletewa na majirani, sikuionja. Mvua imepungua, watu wanafurahia.

Ijumaa, 13 Juni

Kliniki imejaa leo, kwa sababu jua limetoka na watu wameweza kutembea. Baraza zima hakuna pa kukaa. Walikuja asubuhi na mapema, Mapenzi katikati, Bi Twaiba kulia, Amin kushoto amebeba mtoto. Wamejiweka vizuri tena. Bi Twaiba amesomesha hitima ya dua siku saba, alinieleza mlangoni, na juzi usiku Mapenzi alisema ameona kitu cheupe.

Niliwaketisha. Elijah akafunga dirisha bila kuambiwa. Nilimulika mboni, zikawa kubwa na hazijali mwanga. Nikachukua tochi, nikatazama ndani, jicho la kulia, jicho la kushoto. Nikatazama tena, ingawa nilikuwa nimeshaona.

Maduara yote mawili yana ukingo safi. Uvimbe wote umeondoka. Ni meupe, makavu, kama sahani iliyooshwa. Uzi unapovimba bado unaishi. Ukishakufa hauvimbi tena.

Bi Twaiba alikuwa ameshika ushungi wake kwa mikono miwili. "Ule uvimbe, daktari?"

Yeye aliuliza swali la sawasawa, lile lile nililomfundisha. Na mimi, niliyekuwa nimeapa kutafuta maneno, nilitoa lililokuwa mdomoni.

"Umekwisha," nikasema.

Sikuwahi. Nilikuwa nafungua mdomo kuendelea, naye alikuwa ameshasimama. "Alhamdulillahi! Alhamdulillahi Rabbil alamin! Umekwisha!" Akapiga kigelegele kirefu, cha mtu aliyekiweka tumboni tangu masika yaanze. Amin akainama akaficha uso kwenye blanketi la mtoto, mabega yanamtikisika. Barazani wanawake walisikia. Hawakujua ni cha nini, lakini kigelegele hakiachwi peke yake. Wakakipokea, mmoja, wawili, kisha baraza zima, na watoto wanapiga makofi.

Mapenzi peke yake hakusogea. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, hina imefifia imebaki kwenye kucha. Alingoja Bi Twaiba avute pumzi.

"Mama, subiri," akasema. "Daktari hajamaliza." Kisha akanigeukia, safari hii bila kukosea mahali nilipo. "Lile swali langu. Mwanga utarudi?"

Nikapiga magoti mbele yake, nikashika ile mikono yake.

"Hautarudi, Mapenzi."

"Anasema hautakawia kurudi," Bi Twaiba akamwambia Amin, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Umesikia, mwanangu? Hautakawia."

"Hapana, mama," nikasema. "Nimesema hautarudi."

Ikabidi niseme mara ya tatu, kwa sauti ya juu, kwa sababu nje walikuwa bado wanapiga vigelegele.